Mwanya wa Mlango

Milimita 4 juu, milimita 4 na nusu chini. Niliziandika kwa chaki ukutani, karibu na swichi ya taa, na mpaka leo sijazifuta. Ni upana wa mwanya kati ya mlango wa kushoto na bodi ya nyuma ya gari langu, siku ile kabla sijaanza kulikata. Chini yake kuna mstari mwingine wa wiki mbili baadaye: 1 na nusu juu, 7 chini. Mkono ulioandika mstari wa pili ulikuwa unatetemeka, na hata chaki inaonyesha.

Gari lenyewe ni MGB la mwaka 1971, gari dogo la michezo, la wazi, la kava la turubai. Magari hayo yalitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, kwa hiyo yaliyobaki yote ni wazee, na wengi wao wanaumwa ugonjwa mmoja, kutu. MGA lililokuja kabla yake lilikuwa na fremu ya chuma chini na bodi juu yake. Hata bodi ikioza, fremu inabaki imenyooka. MGB halina fremu ya namna hiyo, bodi ndiyo inayobeba kila kitu. Na kwa kuwa halina paa, mzigo ambao kwenye gari la kawaida paa lingesaidia kuubeba unaangukia chini, kwenye vizingiti: yale maboksi marefu ya bati yanayopita chini ya milango, kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Ukiondoa vizingiti, kinachoshikilia nusu ya mbele na nusu ya nyuma ni sakafu nyembamba na lile handaki la giaboksi katikati.

Hayo yote niliyajua. Niliyasoma mara nyingi, ningeweza hata kumfundisha mtu.

Nilipolinunua lilikuwa jekundu, linang'aa, na nilikwenda kuliona siku ya mvua, kosa ambalo sitalirudia. Bati lililolowa linaficha mawimbi yote. Nyumbani, jua lilipotoka, niliona ubavu wa kushoto una vilima na mabonde. Nikachukua sumaku ndogo, nikaifunga kitambaa ili isikwaruze rangi, nikaanza kuipitisha polepole. Mlangoni ilishika. Juu ya madigadi ilishika. Nilipofika nyuma ya gurudumu la mbele, sehemu ya chini, ikadondoka chini kama imekatwa uzi. Nikaiokota, nikajaribu tena. Ikadondoka.

Pale palikuwa na puti, lile dongo la kujazia mabonde ya bati, unene wa kidole. Nyuma ya puti kulikuwa na wavu wa alumini, na nyuma ya wavu, shimo. Kizingiti nacho kilikuwa kipya kwa kukitazama, lakini nilipoking'oa nilikuta kingine ndani yake, cha zamani, kimeoza hadi kufanana na majani makavu ya chai. Aliyetengeneza hakuondoa kilichooza. Alichomelea bati jipya juu yake, na nafasi iliyobaki akaijaza povu, lile linalopulizwa kutoka kwenye kopo na kuumuka. Mficha maradhi, kifo humuumbua, wanasema, lakini hapa aliyeficha alishapokea hela yake na kwenda zake. Aliyeumbuka ni mimi.

Nitapita haraka kwenye kulifungua gari, maana ni kazi ya mifuko midogo na subira. Kila bolti kwenye mfuko wake, jina juu, picha kabla ya kugusa. Bolti zilizogoma nilizilowesha mafuta ya kupenyeza siku mbili tatu. Zilizoendelea kugoma nilizikata. Betri nje, tangi la petroli nje kabisa, liwekwe mbali, kwa sababu cheche za grainda zinaruka hatua nyingi kuliko unavyofikiri.

Sasa, mwanya.

Kila mtu anayeandika kuhusu magari haya anasema ufunge mhimili kwenye nafasi ya mlango kabla ya kukata kizingiti. Nikafunga. Nilikuwa na ubapa wa chuma, upana milimita 40, unene milimita 3, nikauchomelea juu, kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa. Kwa mkono haukupinda hata chembe, kwa sababu niliujaribu kwa kuuvuta. Nikautoa mlango ili nipate nafasi ya kuingia. Nikaliweka gari kwenye stendi nne, mbili mbele kabisa na mbili nyuma kabisa, ili katikati pawe wazi nifanye kazi bila kugonga kichwa. Injini na giaboksi zilikuwa bado ndani.

Soma tena aya hiyo, maana ina makosa matatu, na kila moja lilionekana la busara wakati nalifanya.

Nilikata bati la nje. Nikakata la katikati, lile linalogawa boksi sehemu mbili. Nikakata na reli ya chini. Wakati wa kukata reli, mkato ulifunguka ghafla, kama mdomo unaopiga miayo. Nikadhani diski imepinda. Leo najua lile lilikuwa gari linakaa chini. Katikati palikuwa panashuka, na kingo za mkato zilikuwa zinaachana. Nikabadilisha diski, nikaendelea.

Reli mpya niliibana kwa makoleo, nikaipiga vidoti vichache vya kuishikilia, nikaanza kujisifu. Jioni hiyo akapita fundi mmoja mzee aliyestaafu, ambaye maisha yake yote aliyamaliza kwenye bodi za magari. Alisimama mlangoni, mikono nyuma, akatazama kwa muda mrefu.

"Mlango uko wapi?"

"Nimeutoa, Mzee. Ulikuwa unanizuia."

"Urudishe."

"Bado sijamaliza kuchomelea."

"Ndiyo maana nakwambia urudishe sasa hivi, mwanangu."

Tukaondoa ubapa, tukaurudisha mlango kwenye bawaba. Haukufunga. Kona yake ya juu ililigonga bodi kabla kitasa hakijafika kwenye komeo lake. Tukaupandisha, tukaulegeza, tukausukuma kwa goti. Juu palikuwa panapita kadi tu, chini ncha ya kidole changu kidogo iliingia. Mzee hakusema kitu. Aliinama akaokota ule ubapa, akauweka jichoni kama mtu anayepima mshale. Ulikuwa umepinda kama upinde.

Chuma bapa ukikivuta ni kigumu. Ukikisukuma kutoka ncha mbili, kinatafuta upande wa kukwepea. Gari linapokaa chini katikati, sehemu ya juu ya nafasi ya mlango inajifunga, kwa hiyo mhimili wa juu unasukumwa, hauvutwi. Mimi niliujaribu kwa kuuvuta. Kitu kinachotakiwa pale ni bomba la mraba, la milimita 25 au zaidi, tena liwe pembetatu: moja la juu, moja la mshazari linaloshuka hadi chini ya nguzo. Na stendi zisikae ncha za gari. Zikae pale gari linapobebwa na magurudumu yake, na kingine cha kuegemea kiwe chini ya ule mhimili unaokatiza sakafu katikati.

Bahati yangu ilikuwa vile vidoti. Ningekuwa nimechomelea reli yote, gari lingebaki na umbo hilo, na ningetumia miaka kukuna kingo za mlango nikidhani mlango ndio mbovu. Tulivikata. Tukaondoa stendi za ncha moja baada ya nyingine, tukaweka jeki katikati, na juu ya jeki kipande cha mbao kipana ili isitoboe sakafu, tukawa tunainua kiasi cha nusu milimita, tunasimama, tunapima. Ilichukua jioni tatu. Tulipofika 4 juu na 4 na nusu chini, Mzee alikataa nichomelee. "Lala nalo," akasema, kisha akaenda. Asubuhi mwanya ulikuwa umerudi nusu milimita, maana gari lilikuwa limejikalisha. Tukasawazisha tena, tukachomelea mabomba, na mlango ukabaki pale pale hadi mwisho wa kazi. Niliinama chini yake, nilibanwa nao, niligonga nao kichwa mara nyingi kuliko nilivyohesabu. Kila nikichomelea sentimita chache, naufungua na kuufunga. Mlio wa kitasa ukibadilika, nasimama.

Upande wa kulia sikuugusa mpaka wa kushoto ulipokamilika. Nilitamani, kwa sababu diski ilikuwa tayari kwenye grainda na mikono ilikuwa imezoea. Upande mmoja mzima ndio unaokushikia gari wakati mwingine uko wazi.

Kuchomelea kwenyewe nilijifunzia kwenye vipande vya bati vya unene ule ule, si kwenye gari. Bati la nje la magari ya umri huu ni jembamba, chini kidogo ya milimita 1, na mashine ya MIG, ile ya kuchomelea inayosukuma waya yenyewe, yenye waya wa milimita 0.6 inalitosha. Waya mnene zaidi unataka moto mwingi zaidi, na ukiongeza moto unatoboa. Mahali ambapo kiwanda kiliunganisha kwa vidoti vya umeme, mimi nilitoboa matundu ya milimita 6 kwenye bati la juu, nikajaza kila tundu hadi lishikane na la chini. Mwanzoni yangu yalikuwa mazuri kwa macho na ovyo kwa kazi. Kipimo alichonifundisha Mzee ni patasi. Unachomelea vipande viwili, unavibana kwenye jiliwa, unavitenganisha kwa patasi na nyundo. Weldi ikibanduka safi kama kifungo cha shati, hujachomelea, umedondosha chuma juu ya chuma. Ikitoka na kipande cha bati la chini, imeshika. Nilivunja vipande thelathini na kitu kabla sijarudi kwenye gari.

Kwenye bati la nje, sehemu ile iliyo mbele ya gurudumu la nyuma, tamaa ilinishinda. Nilikuwa nimekwishapiga vidoti, vimekaa vizuri, mkono umetulia, nikaamua kuchora mstari mmoja mrefu wa sentimita 8 hivi. Ulitoka mzuri. Kisha ukapoa. Weldi ikipoa inasinyaa, na bati jembamba halina pa kwenda, likajikunja kama karatasi iliyolowa ikaanikwa. Dawa yake ni kuweka kipande cha chuma kizito kwa nyuma na kugonga weldi kwa mbele ili itanuke tena, lakini kila unapogonga unahamisha kilima. Sehemu ya ukubwa wa kiganja ilinila wikendi nzima. Kidoti kimoja hapa, kingine mkono mzima kutoka hapo, subiri hadi uweze kuligusa bati kwa kiganja, ndipo uendelee. Kuna siku nilichomelea dakika kumi na kungoja saa mbili.

Moto nao ulikuja. Lile povu la fundi yule wa kwanza, nilidhani nimelitoa lote, kumbe kipande kilibaki ndani kabisa upande wa nyuma. Nilisikia harufu kabla ya kuona moshi, harufu chungu ya kuwasha koo, na moshi wa povu hilo ni sumu kweli. Nilikuwa na ndoo ya maji na kizimamoto, lakini mwali uko ndani ya boksi la chuma, unaupigaje? Niliziba upande mmoja kwa matambara yaliyolowa na kumimina maji upande wa pili. Ulizimika. Tangu hapo, baada ya kuchomelea nakaa kwenye kiti saa nzima bila kufanya chochote, natazama tu na kunusa. Lami ya kuzuia kutu inayopakwa chini ya gari nayo inashika moto, kwa hiyo ikwanguliwe kwanza, upana wa kiganja kila upande.

Na mengine mawili ya kuvuta hewa, kwa sababu haya hayatoi onyo la kutosha. Bati lililopakwa zinki likichomelewa bila kukwangua zinki yake linatoa moshi mweupe, na jioni unapata homa ya kutetemeka kama malaria. Na kuna dawa za kusafishia breki zenye klorini ndani. Bati lililosafishwa nazo, likipigwa moto wa weldi, linaweza kutoa fosijini, gesi ya sumu kali. Soma kopo. Kama huwezi kujua kilichomo, tumia kitu kingine.

Watu huniuliza zaidi kuhusu dawa za kutu kuliko kitu kingine chochote, nadhani kwa sababu kila mtu anatamani iwepo moja ya kupaka na kuondoka. Zipo, na zinafanya kazi, mahali pake. Asidi ya fosforasi inageuza kutu ya juu juu kuwa fosfeti, lakini lazima mabaki yake yaoshwe na bati likaushwe sawasawa, la sivyo praima, ile rangi ya kwanza, haishiki. Zile zenye tanini zinaifanya nyeusi na ngumu. Lakini bati lililotoboka hakuna dawa itakayolirudisha, na kutu iliyo kati ya mabati mawili yaliyobanana, dawa haiifikii. Kutu inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilichokila. Ndiyo maana unaona pindo la mlango limevimba kama fizi. Ile si rangi iliyovimba, ni kutu inayopanua mabati kutoka ndani. Pale nilifungua pindo, nikakata, nikatengeneza jipya. Vipande vidogo vilivyooza kidogo tu, kama mabano ya taa, nilivilaza kwenye maji ya magadi soda na chaja ya betri usiku kucha, na kwenye waya wa pili wa chaja nikatumia chuma cha kawaida, kamwe si chuma kisichoshika kutu, maana hicho kinayaachia maji kromiamu ya sumu. Kupiga mchanga, yaani kukwangua kutu kwa mchanga unaorushwa kwa hewa, ningekuonya kwenye bati pana jembamba. Unasafisha vizuri mno na kulipinda vizuri mno.

Puti nimetumia. Nasema wazi, kwa sababu wapo wanaoapa hawaitumii. Haikuzidi unene wa ganda la yai, tena juu ya praima ya epoksi, si juu ya bati tupu. Puti inanyonya maji. Ukiiweka kwenye bati tupu, umeliwekea sponji. Rangi ya mwisho sikupiga mwenyewe. Kigumushi chake kina isosayaneti, kemikali yenye madhara kwa mapafu, na barakoa niliyo nayo haitoshi, inatakiwa ile inayoletewa hewa safi kwa mpira. Nililipeleka kwa mwenye chumba na vifaa, likiwa limeshapigwa msasa, na sioni aibu.

Lakini kabla sijafunga boksi la kizingiti cha kwanza, Mzee alinifanyisha jambo nililoliona la kitoto. Aliniambia nichukue jagi la maji. Tukamimina chini ya kioo cha mbele, pale hewa inapoingilia. Maji yalitakiwa yapite kwenye bomba lake yatoke chini. Yakajaa, yakakaa, kisha yakaanza kuchuruzika ndani, sakafuni, miguuni pa dereva. Bomba lilikuwa limeziba kwa majani yaliyooza. Tukamimina kwenye mlango kupitia mwanya wa kioo. Mlango ukajaa maji kama chupa, kwa sababu aliyepaka rangi alikuwa ameziba matundu yote ya chini. Tukatazama juu ya bati la ndani, nyuma ya gurudumu la mbele, tukakuta rafu nzima ya tope gumu, na ndani yake mmea mdogo umeota. Nyuma ya viti, kwenye masanduku ya betri mbili za volti 6, asidi ilikuwa imekula bati hadi likawa ungo.

Nilikuwa nimetumia miezi kuondoa kutu, na sikuwa nimeuliza hata siku moja maji yanapita wapi. Ningefunga kizingiti kipya, kizuri, chenye weldi zilizofaulu mtihani wa patasi, na kukiweka chini ya mfereji ule ule.

Tukazibua yote. Kizingiti nilikipaka praima ndani kabla ya kukifunga, na baada ya rangi kukauka nikapuliza nta kupitia matundu kwa mpira mrefu hadi ikaanza kudondoka chini, nikahakikisha haikuziba njia za maji. Unalipasha gari jua kwanza, nta inakuwa laini na kupenya kwenye maungio.

Wiki iliyopita nililiosha. Baada ya kuzima mpira wa maji nilikaa chini, nikasikiliza. Upande wa kushoto ulidondosha kutoka chini ya mlango, matone ya haraka, kisha ya polepole. Upande wa kulia ulikuwa kimya. Nikachukua waya mwembamba, nikalala chali, nikachokonoa tundu la nyuma. Likatoka jani moja, na maji ya kutosha kunilowesha kifua.